Kitufe cha Tatu

Jumapili, tarehe nne Januari. Asubuhi: mawingu mazito juu ya mlima Kwaraa, manyunyu mpaka watu walipotoka misa ya kwanza, kisha jua zuri la kuanikia nguo.

Mwanangu Yasinta,

Nimeanza na hali ya hewa kwa sababu mkono umezoea. Kila ukurasa wa shajara yangu huanza hivyo tangu nikiwa msichana, na nikiruka mstari huo sijui niendelee vipi. Lakini karatasi hizi ni zako.

Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Dodoma kuanza kazi. Begi lako liko sebuleni, limeshafungwa, na baba yako ameliinua na kulishusha mara kadhaa kama mtu anayepima mbuzi mnadani. Mambo ya kufunika chakula, ya kufunga mlango na ya kuchagua marafiki sitayaandika. Umeyasikia tangu hujaota meno, na kama hayajaingia mpaka leo, barua haitayaingiza.

Ninaandika kwa sababu ya swali uliloniuliza jana jikoni. Nilikuwa nakoroga ugali. Ulisimama mlangoni na kikombe chako, ukasema:

"Mama, nilikuomba ruhusa ya kwenda tangu Oktoba, ukanyamaza. Nikakuomba tena Krismasi ilipokaribia, ukaniambia nikawatoe kuku nje. Sasa mimi nichukue ipi? Zamani ofisini kwenu mtu akinyamaza maana yake hapana. Kwenye mfumo wenu wa kompyuta, ule wa mwanzo, mtu akinyamaza maana yake ndiyo. Niambie basi, kimya chako ni cha wapi?"

Nilicheka. Wewe hukucheka. Ukaongeza kwa sauti ya chini, "Nikipanda basi bila neno lako, sitajua kama nimeagwa au nimetoroka."

Nikasema moshi umeniingia machoni, nikageuka. Nilikuwa nimeshageuka nilipokumbuka kwamba siku hizi tunapikia gesi.

Kwa hiyo nakujibu. Ila siwezi kukujibu bila kupita kwenye habari ya mfumo ule, ambayo wewe unaijua nusu tu, na ni nusu ya kuchekesha. Tena sasa kazi yako itakuwa hiyo hiyo: kwenda kwenye ofisi za watu, kuwasaidia kulinganisha programu za kuendesha shughuli zao, na kuwafungia ile watakayoichagua. Nusu iliyobaki itakufaa kuliko blanketi alilokununulia shangazi yako.

Unaijua ofisi yetu pale Maisaka. Chama chetu kinawanunulia wakulima pembejeo na kuwatafutia soko la mahindi, maharage na mbaazi. Unakijua kiti changu cha karani karibu na dirisha, maana ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilala chini yake kwenye kitenge. Kitu ambacho hukukiona ukiwa pale chini ni namna ombi lilivyokuwa likitembea. Mtu akitaka kitu kinunuliwe, aliandika, karatasi ikaingia kwenye faili, nami nikalisajili. Kama ni mbegu au dawa, faili lilikwenda kwa Leonsi, bwana shamba wetu, aseme kama inafaa. Kisha mhasibu. Kisha ghala, wakaagiza. Faili lilibebwa mkononi kutoka meza hadi meza, na kwenye meza yoyote lingeweza kulala. Mwaka mmoja ombi la magunia lililala mpaka mahindi yakavunwa. Watu wakayamwaga juu ya maturubai, na mvua ya kuchelewa ikayakuta palepale.

Mimi unanijua. Kalamu zangu zote hutazama upande mmoja. Faili lililolala lilikuwa linaniwasha kama upupu. Niliposikia kwamba kuna programu zinazosukuma maombi zenyewe, zikimkumbusha kila mtu zamu yake kwenye simu, niliisumbua kamati mpaka mwenyekiti wetu, Mzee Bura, akainua mikono.

"Mama Yasinta, tumechoka. Haya, zitafute, uzilinganishe, utuletee iliyo bora. Ila isije ikawa Kizungu kitupu."

Nikalinganisha tatu. Wewe ulikuwa umeanza kidato cha sita, uko bweni, kwa hiyo hukuniona nilivyokuwa na maringo. Nilichora jedwali kwa rula. Je, inaongea Kiswahili? Umeme ukikatika, kazi inapotelea wapi? Inafunguka kwenye simu ya kawaida, yenye kioo kilichopasuka kama cha mhasibu wetu? Sisi wenyewe tunaweza kubadilisha hatua bila kumwita fundi? Na siku tukitaka kuihama, tunaondoka na kumbukumbu zetu au tunaziacha kwa mwenye nyumba? Sikukubali pia mifano ya wauzaji, maana mfano wa muuzaji hauna matope. Kila mmoja nilimpa ombi letu moja la kweli, la maturubai mapya, nikamwambia alipitishe mbele yetu tukimtazama.

Wa kwanza alikuja na tai. Akatuonyesha ukutani mchoro uliojaa visanduku na mishale, mishale inakwenda, inarudi, inapandana.

"Mishale yote hii, bwana," Mzee Bura akasema, "unatupeleka kuwinda?"

"Mzee, huu ndio mtiririko wa kazi yenu."

"Na mimi nakaa wapi hapo?"

Muuzaji akamwonyesha kisanduku kimoja pembeni. "Hapa, mzee."

Mzee Bura akakitazama kwa muda. "Pamebana."

Ilikuwa programu yenye nguvu, sitaisema vibaya. Ingeweza kuendesha bandari. Lakini kila tukitaka kuongeza hatua moja, ilibidi yule bwana arudi na tai yake.

Wa pili alikuwa na programu ya bei nafuu, yote iko kwenye simu. "Mzee, hii inafanya kila kitu," akasema, na kabla hajameza mate Mzee Bura akamuuliza, "Inapika na makande?" Kikao kizima kikaangua kicheko. Ile ilikuwa na njia moja tu kwa kila ombi. Mbegu na chaki zilipita mlango mmoja. Nilipomuuliza tutatokaje siku tukiihama, alinijibu, "Mtaihamaje, mama? Mtaipenda." Nikaandika jibu hilo kwenye jedwali lilivyo.

Ya tatu aliileta dada mmoja kutoka Arusha, jina lake Rehema, mkubwa kidogo tu kuliko wewe ulivyo sasa. Haikuwa na urembo. Akiwa katikati ya kutuonyesha, umeme ukakatika. Wale wengine wangeanza kuomba radhi. Yeye akasema, "Basi tunywe chai kwanza," akakaa na sisi, akala na mihogo. Umeme uliporudi, ombi la maturubai lilikuwa palepale lilipoachwa, linasubiri. Tukaichagua hiyo. Hata leo ningeichagua tena. Ninakuandikia hivyo ili ujue kwamba katika kulinganisha programu sikukosea. Kosa lilikuja baadaye, tukiwa tumeshamaliza kujipongeza.

Rehema alikaa kwenye meza yangu siku mbili akiupanga mfumo uendane na kazi zetu. Siku ya pili akaniuliza, "Mama, ombi likifika kwa mtu asilijibu kabisa, mfumo ufanyeje? Lisimame, lirudi kwa aliyeomba, au liendelee mbele?"

Sikufikiri hata muda wa kufungua kifuniko cha kalamu. "Liendelee. Mpe siku tatu, kisha liendelee. Wakiona mambo yanapita bila wao, wataacha kulalia mafaili."

"Una uhakika, mama? Maana ofisi nyingine huwa..."

"Dada Rehema. Ofisi hii naijua mimi."

Akaandika.

Sasa sikiliza kitu nilichokuwa nakijua kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kukiona. Kwetu sisi mtu hamwambii mzee wake hapana usoni. Hata wewe hujawahi kumwambia babu yako hapana. Ulikuwa unasema "nitajaribu, babu," naye anaelewa. Ofisini tulikuwa na njia yetu. Kama Mzee Bura ameomba jambo na Leonsi analiona halifai, Leonsi hakuandika kwamba halifai. Aliliweka faili chini ya mengine, akasubiri. Baada ya siku chache Mzee Bura angepita.

"Leonsi, faili langu bado?"

"Bado, mzee. Nalitazama."

"Unalitazama."

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Njoo tunywe chai."

Na kwenye chai neno lingetoka polepole, kati ya habari za ng'ombe na habari za wajukuu. Mzee angerudi akisema ameghairi, na heshima ya kila mtu ingebaki mahali pake. Kwa hiyo mafaili yaliyolala yalikuwa ya aina mbili. Mengine yalilazwa na uvivu. Mengine yalikuwa mtu anasema hapana. Kwenye jedwali langu la rula yote niliyaandika neno moja: ucheleweshaji.

Msimu wa kupanda ulipokaribia, Mzee Bura akaomba tununue mbegu ya mahindi ya muda mrefu, ile inayochelewa kukomaa. Shambani kwake juu Dareda mbegu hiyo inatoa mahindi manene kama mkono wa mtu. Lakini wanachama wetu wengi wako huku chini, Nangara na kuelekea ziwani, ambako mvua huchoka mapema, na Leonsi alijua. Ombi likaingia kwenye simu yake na vitufe viwili, Kubali na Kataa, kile cha Kataa kikiwa chekundu. Ukikibonyeza, jina lako na saa vinabaki pale milele. Mzee Bura ndiye aliyemsimamia Leonsi ndoa yake. Leonsi akafanya kile alichofanya siku zote. Akanyamaza, akasubiri chai.

Chai haikuja. Mzee Bura hakuwa na faili la kuulizia, maana faili lilikuwa limekufa, tumelizika sisi wenyewe. Siku ya nne simu yake ikalia, "Ombi lako limepita," akafurahi kwamba Leonsi amekubali. Leonsi naye alidhani mzee ameelewa. Mhasibu alikuta hatua ya bwana shamba imeshapita, akapitisha. Ghala wakaagiza. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri, na mimi nilitazama kwenye kompyuta nikaona hakuna hata ombi moja lililolala. Usiku ule niliandika kwenye shajara kwamba hatimaye ofisi yetu ina mwendo.

Mbegu ikaota vizuri sana. Nangara yote ilikuwa kijani. Kisha mvua ikasimama wakati mahindi yanatoa mbelewele. Uliporudi nyumbani baada ya mitihani yako ulitukuta tunawakatia ng'ombe mabua, ukamuuliza baba yako kumetokea nini, akakujibu neno moja, "Mvua." Shamba lile lilikuwa letu pia, Yasinta. Baba yako alijua kwamba kosa lile lina sehemu yangu, na hakutaka uambiwe na yeye.

Wanachama wakaitisha mkutano, na wakataka aliyeleta mfumo awepo. Rehema akaja. Alisimama mbele ya ukumbi peke yake na mkoba wake begani, na watu wakamrukia.

"Dada, mashine yako imetumaliza!"

"Tuletee huyo kompyuta aliyekubali mbegu! Analima wapi?" Huyo alikuwa mama mmoja wa Bagara, unamfahamu, yule mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Mwambie aje apalilie!"

Watu walicheka, lakini kilikuwa kicheko kibaya. Rehema alikuwa anajua vizuri nani alimjibu "liendelee." Alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini. Hakusema. Mimi nilikuwa nimekaa meza ya mbele nikiandika muhtasari, na kalamu yangu iliendelea kuandika matusi ya watu kwa mwandiko mzuri. Niliandika mengi kabla sijasimama. Natamani ningekuandikia kwamba nilisimama mara moja.

Nikasema, "Mfumo haukukosea. Ulifanya nilichouambia mimi. Niliuambia mtu akinyamaza, upite."

Mzee Bura akageuka kwenye kiti chake.

"Leonsi, mbegu hii uliiona?"

"Niliiona, mzee."

"Ukasemaje?"

"Nilinyamaza, mzee."

Mzee Bura akavua kofia yake, akaiweka gotini. Kisha akasema, "Basi ulisema. Ni mimi sikusikia."

Yasinta, nimekaa kwenye vikao vingi maishani, lakini neno lile bado nalisikia. Kulikuwa na watu mle ndani waliokuja na hasira ya kutosha kuvunja ofisi, na wengi waliondoka wanazungumza wao kwa wao, kila mtu akikumbuka ni lini alinyamaza na nani hakusikia.

Jioni ile Rehema angeweza kupanda gari akaenda zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alikuja kwenye meza yangu, akafungua kompyuta, akasema, "Mama, tuongeze kitufe cha tatu." Tukabishana kuhusu jina. Mimi nilitaka "Rudisha." Mhasibu akataka "Subiri." Mzee Bura alikuwa mlangoni anavaa koti lake, akasema bila kugeuka, "Si muandike tu 'Tuongee'? Kwani tulikuwa tunafanya nini siku zote?"

Ndivyo kilivyozaliwa. Mtu akikibonyeza, ombi linasimama, haulizwi sababu, haandiki chochote, na simu ya mwombaji inaambiwa tu kwamba fulani anaomba mwongee. Asipobonyeza chochote, ombi linasimama vilevile, na mimi napewa taarifa nikaulize kwa mdomo. Mara ya kwanza Leonsi kukitumia, Mzee Bura alitoka ofisini kwake ameinua simu juu. "Leonsi! Huku naambiwa unaninunulia chai!" Msimu uliofuata mbegu ilijadiliwa juu ya chai hiyo, tukapata ya muda mfupi, na unakumbuka gunia la mwisho lilivyokosa mahali pa kukaa likalala chumbani kwako. Mzee Bura sasa ameachia uenyekiti, lakini tukikutana sokoni huniambia kwamba katika mambo yote ya kompyuta alielewa moja, na alilibuni mwenyewe.

Mafaili ya uvivu yamekwisha. Magunia yanafika kabla ya mavuno. Kwa hiyo usifike Dodoma ukidhani mama yako anazichukia programu hizi. Nazipenda. Ila siku ya kwanza kwenye ofisi ya watu, kabla hujafungua kompyuta, tafuta mahali wanapokunywa chai ukae hapo. Watakuambia wenyewe jinsi wanavyokubali, kila mtu anapenda kueleza hilo. Wewe sikiliza wanavyokataa. Kuna ofisi watakataa kwa kucheka, kuna nyingine kwa kumwita mtu jina lake lote, na kuna nyingine kwa kusema ndiyo haraka mno. Na mtu akikuambia, "Ofisi hii naijua mimi," usimwamini mara moja, hata kama ana mwandiko mzuri. Muulize tena, kama Rehema alivyojaribu. Mimi nilimkata kauli. Wewe ukikatwa kauli, kunywa maji, kisha uliza mara ya pili.

Sasa nirudi jikoni, kwenye swali lako.

Nilipomaliza kidato cha nne nikapata ukarani hapa mjini, nilimwambia bibi yako nikiwa namsaidia kukamua. Hakusema kitu. Alimaliza kukamua, akabeba maziwa ndani. Siku ya kuondoka alikuwa shambani. Nilishuka kutoka Dareda na sanduku la bati nikijua moyoni kwamba nimekataliwa na nimekwenda hivyo hivyo. Kwa miaka mingi nilikuwa nikirudi kumwona kama mtu anayerudi kuomba msamaha, nabeba sukari nyingi kuliko inavyohitajika. Wewe ulikuwa unatembea tayari nilipopata ujasiri wa kumuuliza kwa nini hakunikubalia. Aliacha kupepeta, akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilikukubalia," akasema. "Nilidhani unajua."

Nilijiambia sitafanya hivyo kwa mtoto wangu. Kisha Oktoba ukaniletea habari yako tukiwa tunachambua maharage barazani, nami nikasema maharage ya mwaka huu yana mawe mengi.

Nikuambie kimya changu kilikuwa na nini ndani yake. Cha kwanza ni aibu ndogo: nilikuwa nimeshakupangia kiti changu cha karibu na dirisha. Nilikuona unakikalia, unazipanga kalamu. Uliponiambia Dodoma niliona kiti kitupu, nikakasirika na kiti. Cha pili ni kikubwa zaidi. Kila ulipotaja kazi hiyo nilimwona Rehema amesimama mbele ya ukumbi na mkoba wake begani, lakini uso ulikuwa wako. Nilijiuliza, siku watu watakapomrukia mwanangu kwa kosa la mtu mwingine, karani wa huko atachukua muda gani kusimama? Mimi najua nilichukua muda gani.

Lakini leo misani nilikuwa nawaza juu yake tena, nikaona kwamba siku zote nilikuwa nasimamisha hadithi mahali pabaya. Namwacha Rehema pale mbele ya watu, namsahau wa jioni. Yule wa jioni alirudi kwenye meza ya mtu aliyemponza, akakaa, akafungua kompyuta, akatafuta njia. Hakuwa na ulazima. Alikuwa anaipenda kazi yake, na alikuwa ametuelewa. Huyo ndiye anayefanana na wewe. Ni wewe uliyeipasua redio ya baba yako, ukapigwa marufuku kuigusa, na bado ukairudia mpaka ikaongea.

Nilikusudia barua hii niifiche mfukoni mwa begi lako uikute Dodoma. Nimefika hapa nikashtuka. Barua nayo inaweza kulala. Inaweza kukaa chini ya blanketi la shangazi wiki nzima, na wewe uko huko hujui kama umeagwa au umetoroka. Naweka kalamu chini kidogo.

Nimerudi. Wewe unajua yaliyotokea, ulikuwepo, lakini nayaandika ili yawe na tarehe.

Nilikuja chumbani kwako. Ulikuwa hujalala, umekaa kitandani unahesabu soksi.

"Yasinta."

"Abee, mama."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Lile ombi lako la Oktoba. Ndiyo. Nenda."

Ulinitazama, soksi moja mkononi. "Mama, hiyo ni Kubali, au ni Tuongee?"

"Tuongee nimeandika, utaisoma ndani ya basi. Hii ni Kubali."

"Imechukua miezi mitatu!"

"Mtandao ulikuwa unasumbua."

Ukacheka mpaka baba yako akauliza kutoka chumbani kuna nini, nami nikamwambia hakuna kitu, alale, mtoto ameruhusiwa. Akajibu, "Kwani alikuwa hajaruhusiwa?" Sasa unaona mwenyewe, nyumba hii yote inahitaji kitufe.

Halafu ulinikumbatia na soksi zako, na huo ndio mwisho wa taarifa.

Barua hii nakupa mkononi asubuhi, kituoni. Kiti cha dirishani nitakikalia mwenyewe bado. Ukikwama kwenye ofisi ya watu, nipigie, hata kama ni saa za kazi. Ukisikia nimenyamaza kwenye simu, usikisie. Niulize.

Mama yako.

Nje kumetulia, nyota zimejaa, hapana dalili ya mvua kwa safari yako. Saa tano kasorobo usiku. Nazima taa, nalala.